Mshenga wa Feri ya Kisauni

Jumatatu, 3 Machi 1947

Nimelowa tena mashuani. Mara hii mpaka kiunoni, na kanzu mbili za bwana harusi wa Kuze zimelowa nami. Nilizifunga kwa turubai, nikazikalia. Turubai likalowa, mimi nikalowa, kanzu zikalowa. Maji ya mkondo ule hayana adabu.

Tayabali hakusema neno. Bohora huyu akikasirika hunyamaza, kisha huanza kupanga upya majora yaliyokwisha kupangwa vizuri. Nimeshona kwenye baraza ya duka lake tangu kabla ya vita, namjua. Nikazianika kanzu, nikazipiga pasi, nikaketi kwenye cherehani kama mtu aliyekuja kwa gari.

Watu wa Likoni wana feri. Inapiga honi, inavusha magari, Wazungu wanapanda na mbwa wao. Sisi wa Kisauni tuna shemeji yangu Mbwana. Huyu ndiye serahangi wa wapiga makasia pale pwani, mkubwa wao, mpanga zamu. Sijaona mtu apigaye kasia kama yeye. Lakini mashua yake inavuja mahali anapopajua yeye peke yake, na hapo ndipo anaponiketisha mimi. Wageni huketi pakavu. Mimi ni ndugu.

Daraja lipo, ndiyo. Kulizungukia kwa miguu ni kumaliza nusu ya asubuhi, na mlangoni kwake unatozwa ushuru kwa kupita juu ya maji ambayo Mungu aliyaweka bure.

Alhamisi, 6 Machi

Salim amekuja barazani leo na sura ya mtu mwenye siri anayetafuta pa kuimwaga.

Tulisoma chuo kimoja cha Korani, mimi na yeye, tukachapwa kwa henzirani moja. Kisha yeye akaenda skuli, akawa karani, na sasa anakaa kwenye Baraza la Mji kwa niaba ya wenyeji wa Mji wa Kale. Mimi nilibaki na sindano. Kiingereza chake alikipata kwa walimu. Changu nimekipata kwenye magazeti yanayofungiwa vitambaa, ndiyo maana najua sana habari za meli na farasi walioshinda mbio Nairobi. Kukisema siwezi. Kukisikia nakisikia chote, kwa wateja wa Tayabali wanaoongea mbele yangu. Hakuna aliyeniuliza, nami sikumwambia mtu ila mke wangu. Tayabali anadhani natazama picha.

Siri yenyewe: Baraza la Mji liko tayari kutoa nusu ya gharama za feri ya abiria, kutoka ngazi zetu hapa Mji wa Kale hadi Kisauni, asubuhi na jioni. Nusu ya pili ataitoa tajiri mmoja wa malori wa Makupa, naye ndiye atakayeiendesha. Sharti ni moja. Wapiga makasia waitwe kikaoni, waulizwe mbele ya watu kama wana pingamizi. Wakipinga, jambo linawekwa kando, na vitu vinavyowekwa kando na Baraza nimeviona. Havirudi.

Nikauliza, na wapiga makasia watakula nini. Salim akasema wao ndio watakaokuwa mabaharia wa hiyo feri. "Nani aujuaye mkondo ule kuliko Mbwana? Tajiri ataajiri nani mwingine?"

Ana haki. Akaniomba nimletee Mbwana. Nimesema nitajaribu. Usiku wa leo nitalala nikiota nimefika kazini mkavu.

Ijumaa, 14 Machi

Wiki nzima naongea na Mbwana. Ni kama kusukuma nyumba.

Leo baada ya sala ya Ijumaa nimemfuata mpaka kwake. Akanisikiliza mpaka mwisho, huku akisuka kamba. Kisha akasema, "Shemegi, mashine haina shemegi." Akaendelea kusuka.

Mke wangu, dada yake, alikuwapo. Mwanaisha si mwanamke wa maneno mengi. Ameuliza moja tu: huyo tajiri wa Makupa amesema kwa kinywa chake kwamba atawaajiri, au Salim ndiye aliyesema? Nikamwambia Salim ni Salim. Akasema, "Sikuuliza Salim ni nani."

Mwishowe nikafanya jambo kubwa. Nikasema mimi nasimama. Likiharibika, mnishike mimi. Mbwana akaiweka kamba chini, akanitazama. Akasema basi, anakubali, lakini nijue ameniamini mimi. Huyo bwana mwenye viatu vya kung'aa hamjui.

Nimerudi nyumbani nikijiona mtu mkubwa. Mwanaisha amenipakulia chakula bila kuniangalia.

Jumapili, 16 Machi

Kikao pwani, ndani ya banda wanamoweka makasia. Wapiga makasia wote walikuja, na Salim akavuka kutoka mjini. Mbwana alimketisha pakavu.

Karisa alianza naye kabla hajatua. Huyu Karisa ni Mgiriama, Mkristo, anapiga kasia la kushoto kwenye mashua ya Mbwana na mdomo wake unafanya kazi kuliko mikono. Alimwambia Salim avue viatu mapema, maana kaa wa hapa hawajawahi kuona kioo, watakuja kujitazama. Watu wakacheka. Salim naye akacheka, akavua. Anajua kupendwa, huyo. Ni kazi yake.

Akasema kila kitu nilichomwambia Mbwana, ila vizuri zaidi. Kazi kwa zamu, kila mtu. Nguo za khaki. Mbwana kuwa serahangi wa feri. Niliona wazee wawili wakinyoosha migongo walipoisikia hiyo khaki.

Likabaki la nani ataongea mbele ya Baraza. Hawa watu hodari wa maji wanaiogopa meza. Tukamfanya Salim mshenga wetu. Ikasomwa Fatiha, tukapangusa nyuso. Karisa akaitika amina yake kwa sauti kuliko Waislamu wote.

Basi limekwisha. Ukishamtuma mshenga umempa ulimi wako, wewe umebaki na meno tu. Atakayoyasema kule ndiyo umeyasema. Hukohoi, humkatizi, humsahihishi mbele ya watu wa upande wa pili, hata akisema wewe ni mtoto wa sultani. Mtu anayemrukia mshenga wake barazani amejivua nguo na hiyo posa imekufa.

Nami najua ushenga wa Salim. Ndiye aliyenipeleka kwa baba yake Mwanaisha. Alimwambia mzee nina cherehani mbili. Sikuwa na hata moja, ya kwanza ilikuwa ya kukodi. Nilikaa pale nimeinamisha kichwa kwa haya, nikaozwa. Mama mkwe, Mungu amrehemu, aliitafuta ile cherehani ya pili mpaka alipokufa.

Jumatano, 26 Machi

Salim ameleta kitambaa cha sufu, kizuri mno, nimshonee koti. La siku ya kufunguliwa feri, amesema. Nikamwambia feri haijakubaliwa. Akasema koti halishonwi kwa siku moja.

Nimempima. Kiuno kimesogea mbele. Nimeandika kilivyo.

Nikamuuliza za khaki za mabaharia atazishona nani. Akasema hilo litajulikana. Nimekwisha kuzishona kichwani, kaptura na mashati, mifuko miwili kila moja.

Jumanne, 8 Aprili

Nitaandika polepole nisikosee.

Tulikwenda wote. Mbwana alivaa kanzu niliyomshonea siku ya Idi. Karisa alivaa viatu vya kuazima, vya watu wawili tofauti nadhani. Tukaketishwa nyuma kwenye mabenchi, chini ya panka la upepo. Mbele yetu meza, Wazungu, Wahindi, Salim pembeni. Wakaongea Kiingereza.

Salim akasimama. Na mimi nikasikia.

Alisema wapiga makasia wameridhika. Alisema wanaiona kazi yao imekwisha wakati wake, na kwamba wengi wana mashamba ya kurudia. Alisema hawaombi nafasi kwenye chombo kipya, maana wanafahamu kinataka watu wa mashine, na watu hao tajiri anao tayari Makupa. Alisema wanaomba tu Baraza lifanye haraka, kwa faida ya umma.

Mashamba. Karisa hana hata sufuria ya kupandia bizari.

Lakini hivi ndivyo nilivyofikiri, naandika kama ilivyokuwa. Nilifikiri: anapamba maneno. Anawapa Baraza wanachotaka kusikia ili fedha itoke, kisha nyuma ya pazia atamgeuza tajiri awachukue watu wetu. Amenifanyia hivyo hivyo mimi, na leo nina mke na watoto watatu. Huyu ni mshenga, yuko kazini. Nikamwacha.

Kisha karani akatugeukia, akauliza kwa Kiswahili safi, wenye mashua, mmeyasikia, kuna mwenye pingamizi?

Hawakusikia chochote. Walimsikia mshenga wao akiongea muda mrefu na Wazungu wakiitikia kwa vichwa. Karisa alifumbua mdomo, jirani yake akamfinya paja. Mbwana hakumtazama karani wala Salim. Alinitazama mimi.

Nikainamisha kichwa.

Naye akainamisha. Na wote wakainamisha, benchi zima, kama watu wa posa. Karani akaandika. Mzungu wa katikati akagonga meza. Baraza limetoa fedha.

Mwari akiulizwa kama ameridhia, kunyamaza kwake ndiyo idhini. Tumeozwa.

Jumatano, 9 Aprili

Pwani kuna furaha. Karisa amevusha abiria asubuhi akiwaigizia honi. Wanauliza khaki zinaanza lini.

Nimeketi mahali pangu panapovuja.

Nimekwenda ofisini kwa Salim mara mbili. Ametoka. Mara ya pili kikombe chake cha chai kilikuwa kinafuka moshi.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimempata. Nilimvizia akitoka msikitini, hapo hawezi kukimbia, anatafuta viatu.

Akanikaribisha kwake, akaagiza kahawa. Akaniuliza koti limefika wapi. Nikamwambia mikono imebaki. Nikamwambia, Salim, kamwambie tajiri sasa awachukue watu wetu, muda unakwenda.

Akaniambia, kwa upole sana, kwamba tajiri ameshapata watu. Na ameshamwomba yeye Salim awe wakala wa tikiti upande wa mjini, na yeye ameona si vizuri kukataa.

Nikasema wewe ulikuwa mshenga wetu.

"Mshenga hupeleka maneno, Fundi. Jibu hutoka kwa wenyewe. Wenyewe waliulizwa, tena kwa Kiswahili. Mlikuwapo. Mbona hamkusema?"

Nikamwambia aliyoyasema yeye hayakuwa ya Kiswahili. Mashamba, nikasema. Kazi yao imekwisha wakati wake. Nikamrudishia maneno yake moja moja, yote.

Kikombe kikasimama hewani. Akaniuliza nani aliyenitafsiria. Nikasema magazeti ya kufungia vitambaa.

Nilidhani hapo nimemshika. Miaka yote hii nimeuweka akiba huo ujanja wangu, nikijua ipo siku utanifaa. Akakiweka kikombe chini. Akafikiri. Kisha uso wake ukatulia, hata ukang'aa.

"Basi wewe ulisikia," akasema. "Nilikuangalia, ukainamisha kichwa. Wao hawakujua. Wewe ulijua."

Nikainuka. Kahawa sikuinywa. Ameitoa sumu kinywani mwake akaitia kinywani mwangu, na sina pa kuitemea.

Jumamosi, 12 Aprili

Sikwenda kazini. Nimesema naumwa, na ni kweli.

Mwanaisha amenitoa neno lote, kidogo kidogo, kama anayetoa mwiba. Nilipofika kwenye ile meza na Kiingereza, akasimamisha mkono. Yeye ndiye pekee aliyejua nakisikia. Hakuniuliza kama nilisikia. Aliuliza, "Na ndugu yangu alikuwa ameketi wapi?"

Kando yangu, nikasema.

Akaenda kuteka maji. Ndoo zilikuwa zimejaa.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemwambia Mbwana. Bora asikie kwangu.

Alikuwa anakalafati mashua, anashindilia pamba kwenye nafasi za mbao. Nikaanza na Salim. Nikaeleza Salim alivyo nyoka, Salim alivyokula njama, Salim na tikiti zake. Nilitumia Salim mwingi sana. Mbwana akaendelea kushindilia. Nilipomaliza Salim wote nikabaki na mimi, nikasema na hayo pia. Kwamba nilisikia. Kwamba nilidhani ni uongo wa posa.

Karisa alikuwa karibu, akayasikia yote.

Mbwana akasema, "Mimi nilikutazama wewe."

Ni hayo tu. Akachukua pamba nyingine.

Alasiri, wakati wa kurudi, alinishika mkono nilipopanda, akaniketisha mahali pakavu. Kwa heshima zote, kama anavyowaketisha wageni. Njia nzima sikulowa hata unyayo. Ningelia kama pasingekuwa na watu.

Alhamisi, 17 Aprili

Pakavu tena.

Jumamosi, 3 Mei

Askari amekuja pwani na karani, wakasoma tangazo. Feri ikianza, ni marufuku mashua ya makasia kuchukua abiria wa kulipa katika kivuko hiki. Mizigo ruhusa. Abiria wa kulipa, marufuku. Kwa usalama wa umma.

Wazee wawili, wale wa khaki, wakaomba lisomwe tena. Likasomwa tena. Halikubadilika.

Karisa akauliza kama mtu asiyelipa anaruhusiwa. Karani akasema hilo tangazo halikutaja. Karisa akasema basi kazi ipo, ila mshahara ndio haupo. Watu walicheka kwa pua. Kisha akanitazama akasema, si kwa ukali, "Fundi, mashamba yetu yako upande gani? Nataka nikapalilie."

Watoto pwani sasa wananiita Bwana Shamba. Jina zuri, lina heshima ndani yake ukilisikia kwa mbali.

Alhamisi, 15 Mei

Koti limekwisha.

Nilifikiri mengi juu ya koti hili. Nilifikiri mkono mmoja uwe mfupi kidogo tu, asijue kwa nini anajikuna. Nilifikiri kukirudisha kitambaa bila kukikata, lakini nilikikata zamani. Nilifikiri kushona mfuko wa ndani bila tundu. Tayabali alinipita mara mbili akalitazama, akasema ni koti zuri kuliko yote niliyopata kushona, na linatoka dukani kwake.

Nikalishona sawasawa. Siwezi kushona vibaya kwa makusudi, mikono inakataa. Ningeomba ulimi wangu ungekuwa na ukaidi huo.

Salim alimtuma mtu kulichukua. Hakuja mwenyewe. Hilo nimelishukuru.

Jumamosi, 24 Mei

Feri imefunguliwa.

Nilisimama nyuma kwenye kona, karibu na muuza kahawa. Bendera, hotuba, tarumbeta za skuli. Salim alihutubia kwa lugha zote mbili. Koti lilimkaa mabegani kama alizaliwa nalo, hata kiuno hakikuonekana. Watu walimpongeza kwa koti. Mmoja akauliza fundi ni nani.

Nilitaka feri iwe mbovu. Niliomba, Mungu anisamehe, izimike katikati. Haikuzimika. Ilikwenda na kurudi. Mama mmoja wa Kisauni ninayemjua, mwenye mguu mbaya, aliteremka akiwa mkavu, na kuku wake mkavu, akabubujika dua kwa Baraza na kwa Salim na kwa wazazi wa Salim. Na alikuwa na haki. Mwezi wa tatu nilikuwa nalala nikiiota hiyo hiyo feri.

Mabaharia wake ni vijana wa Makupa. Khaki zao zimenunuliwa zikiwa zimeshonwa tayari, hazijapimwa. Zinawapwaya.

Mashua ya Mbwana ilikuwa imevutwa juu ng'ambo ya pili, imelala ubavu.

Jumanne, 27 Mei

Nimekuja kwa daraja, kwa miguu. Jana pia. Nimefika jua limeshapanda na miguu kama si yangu.

Tayabali ametoka nje akanikuta nafuta jasho. "Fundi, feri iko mlangoni kwako. Una ugomvi nayo?" Nikasema miguu yangu inataka mazoezi. Akafikiri kidogo. "Ugomvi na feri ni mbaya," akasema. "Feri haijui kama mna ugomvi." Akarudi ndani kupanga majora.

Siipandi. Tikiti ile nitainunua kwa nani? Kwa yule kwenye kibanda, na koti langu mgongoni mwake?

Mwanaisha anaongea nami sasa. Mambo ya nyumbani. Mafuta ya taa, mtoto ana kikohozi. Mbwana hajafika kwetu tangu lile tangazo, na Ijumaa huwa hakosi.

Alhamisi, 5 Juni

Karisa amepata kazi Kilindini, kubeba magunia. Alipita barazani kuniaga. Nikasimama. Sikujua nitarajie nini.

Aliniomba nimtilie kiraka begani, kinene, kwa sababu ya magunia. Nikamtilia viraka viwili, bega na bega. Akavaa, akageuka mbele ya kioo cha Tayabali, akasema sasa anafanana na meja. Nikamwomba radhi. Akasema yeye ni Mkristo, ameamrishwa asamehe, tena mara nyingi, amechoka. Kisha akasema, "Lakini Mbwana sasa anapiga kasia peke yake, Fundi. Mashua ile si ya mtu mmoja." Akaenda.

Sijashona kitu cha maana tangu hapo.

Jumatatu, 9 Juni

Upepo wa kusi umekaza. Nilikuwa najifunga kwenda darajani, kukiwa hakujapambazuka vizuri, nikasikia hodi. Mwanaisha akafungua, akarudi jikoni bila kusema ni nani.

Ni Mbwana. Hakuingia. Alisimama nje na upepo umemjaa kanzuni. Akasema ana nazi za kupeleka sokoni, na hana mtu wa kasia la kushoto.

Nikamwambia sijui kupiga kasia.

Akasema anajua.

Tukashuka. Nazi zilikuwa zimejaa mpaka ukingoni, hapakuwa na pakavu wala pabichi, palikuwa na nafasi ya wawili tu wa kuvuta. Akanionyesha pa kukanyaga miguu. Mara tatu za kwanza kasia langu liligonga hewa. Mashua ikaanza kuzunguka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Hakucheka. Alikuwa anangoja nipate, kisha anavuta, ananingoja tena. "Vuta," anasema. "Sasa. Vuta."

Katikati ya mkondo feri ikatupita. Wimbi lake likatuinua, likatutua. Kulikuwa na watu wengi, wamekaa vizuri, na mmoja alinijua akanipungia mkono. Sikuwa na mkono wa kumpungia.

Tulipofika tuliteremsha nazi. Hakunishukuru, na mimi sikuomba. Aliitazama mikono yangu, akaigeuza viganja juu, akaiachia.

Malengelenge yamepasuka yote. Tayabali amenipa samli nijipake na kipande cha kitambaa cha bafta nifunge, akaenda ndani. Sindano haishikiki. Kalamu naishika kwa ncha za vidole, ndiyo maana mwandiko uko hivi. Mchana wote nimeketi kwenye cherehani natazama wapitao, na mteja akija namwambia kesho.

Mbwana amesema maji yatageuka alasiri. Amesema nisichelewe.